Madoa Yakitoweka, Samaki Bado Mgonjwa

Kangaja wa samawati ana uso mweusi, koo jeupe na pezi la mgongoni lenye manjano makali. Makazi yake ni matumbawe ya Bahari ya Hindi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, na wapiga mbizi wa Kenya wamevua samaki wa mapambo kwa ajili ya masoko ya ng'ambo kwa miaka mingi. Anayeanza kufuga samaki wa maji ya chumvi, awe Nairobi, Dubai au London, akimwona tu humtamani. Wafugaji wazoefu humwonya asimchukue, kwa sababu kangaja huyu ni miongoni mwa samaki wanaoshikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe.

Huanza na doa moja au mawili kwenye pezi, madogo kama punje za chumvi. Samaki anajikuna kwenye mawe, anatikisa kichwa, anapumua haraka kuliko jana. Mwenye tangi anakimbilia dukani, ananunua chupa ya dawa na kumimina matone kama alivyoelekezwa. Siku ya nne au ya tano madoa hayapo, na nyumba nzima inafurahi. Wiki moja au mbili baadaye yanarudi, safari hii mwili mzima, na asubuhi samaki anakutwa amekufa sakafuni mwa tangi. Hapo dawa inalaumiwa kwamba ilifanya kazi nusu nusu. Mara nyingi haikufanya kazi hata kidogo: madoa yale yangetoweka hata kama asingeweka kitu.

Ugonjwa huu huletwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans, jina kilichopewa na mtafiti E. M. Brown mwaka 1951. Kimelea hiki kikimpata samaki hujichimbia chini ya ngozi na kwenye matamvua, kikala seli za mwili wake kwa siku tatu hadi saba hivi. Doa tunaloliona ndicho chenyewe, kikiwa kimefunikwa na ngozi iliyovimba. Kikishiba hutoka, aghalabu gizani, kikashukia kwenye mchanga au jiwe na kujifungia ndani ya kifuko kigumu. Humo hujigawa mara nyingi, na kifuko kimoja huweza kutoa vimelea vichanga 200 au zaidi. Navyo huibuka gizani, hasa kuelekea alfajiri, samaki wakiwa wamelala karibu na mawe na mchanga. Vina siku moja au mbili za kuogelea vikitafuta mwili wa kuingia, na nguvu zao hupungua mapema, ndani ya saa chache. Visipompata samaki, hufa.

Sasa piga hesabu. Madoa kumi yaliyotoweka Jumatatu yanaweza kuwa vimelea 2,000 vinavyoelea wiki inayofuata. Baharini wingi huo hautishi, kwa kuwa maji ni mengi, mkondo unavisambaza, na samaki hulala leo hapa kesho kule. Kangaja wa porini hubeba vimelea vichache na kuishi navyo. Ndani ya tangi la lita 200 samaki analala pale pale vilipoangukia vifuko, usiku baada ya usiku, na hana pa kukimbilia.

Muda wa vifuko hivyo kukomaa ndio unaowaponza wengi. Vingi hupasuka ndani ya wiki moja hadi nne, lakini si vyote. Angelo Colorni, aliyekichunguza kimelea hiki huko Eilat kwenye Bahari ya Shamu, alieleza pamoja na mwenzake Burgess mwaka 1997 kwamba baadhi ya vifuko vilitoa vimelea hata baada ya siku 72. Ndiyo maana wafugaji makini, ugonjwa ukishaingia, huliacha tangi kuu bila samaki yeyote kwa siku 76. Konokono, kamba na matumbawe hubaki humo bila shida, kwa sababu kimelea hiki hakiishi miilini mwao. Samaki wote, hata wasio na doa, huhamishiwa kwenye tangi la tiba.

Dawa inayoaminika zaidi ni shaba, nayo inamtaka mtu mwangalifu. Shaba haikifikii kimelea kilicho chini ya ngozi, wala kilicho ndani ya kifuko. Inakiua wakati mmoja tu, kile kipindi kifupi kinapoogelea kutafuta samaki. Kwa hiyo lazima ibaki majini kwa kiwango kile kile, bila kushuka, kwa wiki tatu au zaidi. Kiwango cha shaba ya kawaida ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita: chini ya hapo kimelea kinapona, juu ya hapo samaki anaanza kudhurika. Dawa zilizotengenezwa kwa shaba iliyofungwa hutumia vipimo vikubwa zaidi, basi fuata maelezo ya chupa uliyo nayo na upime maji kila siku kwa kipimo kinachoendana nayo. Usiimimine kamwe kwenye tangi lenye matumbawe. Shaba huua kamba, kaa, konokono na matumbawe, kisha hunywewa na mawe na mchanga wa chokaa na kuvujia majini baadaye.

Kwa mfugaji wa kwetu ambaye shaba na vipimo vyake haviko duka la jirani, ipo njia isiyohitaji dawa, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Tafuta vyombo viwili vya plastiki safi, kila kimoja na pampu yake ya hewa na hita. Samaki akae katika chombo cha kwanza siku tatu. Kabla saa 72 hazijatimia mhamishie cha pili chenye maji mapya ya chumvi, yenye joto na kiwango cha chumvi kile kile. Chombo cha kwanza kioshe na ukianike mpaka kikauke kabisa, pamoja na pampu na wavu. Uhamisho huo ufanyike mara nne. Mantiki yake ni nyepesi: kimelea kikimwacha samaki na kujifunga sakafuni, kinahitaji siku tatu au zaidi kuzaa, na sisi tunamwondoa samaki kabla hakijawahi. Mchanga na mawe visiwemo humo, na mabaki ya chakula yatolewe kila siku.

Dawa za madoa meupe ya samaki wa maji baridi zisikudanganye. Madoa yanafanana, lakini kimelea cha huko ni kingine kabisa. Ile mbinu ya kupandisha joto hadi nyuzi 30, inayosaidia kwenye maji ya mito, haifui dafu hapa, kwani Cryptocaryon ni kiumbe cha bahari za joto. Kitunguu saumu kwenye chakula huenda kikamvutia samaki ale, ila hakijathibitika kuua kimelea. Na yule kamba anayesafisha samaki ni kiumbe wa kupendeza, lakini asitarajiwe kutibu tangi.

Upo ugonjwa mmoja usiosubiri wiki. Huletwa na Amyloodinium ocellatum, na vumbi lake kwenye ngozi ni laini kuliko madoa ya Cryptocaryon, la rangi ya dhahabu iliyofifia, linaloonekana ukimmulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Hushambulia matamvua kwanza, na samaki anaweza kufa hata kabla vumbi halijaonekana. Ukimwona anapumua kwa kasi, anakwepa mwanga na kusimama mbele ya mkondo wa pampu, mhamishie kwenye tangi la tiba siku hiyo hiyo na uanze shaba. Ile njia ya vyombo viwili haifai hapa.

Kabla ya kuwaza vimelea, hata hivyo, pima maji. Katika tangi changa, samaki anayehema juu juu aghalabu anateswa na amonia. Kinyesi na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, na wengine huigeuza kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe na chujio. Anayejaza maji Ijumaa na kununua samaki watano Jumamosi anawatumbukiza kwenye sumu. Na maji ya bahari yanaizidisha sumu hiyo: kwa pH ya 8.2, sehemu ya amonia iliyo katika umbo linaloua ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyo kwenye maji yenye pH ya 7. Kipimo kikionyesha amonia, badilisha sehemu ya maji na upunguze chakula. Dawa weka pembeni.

Amonia pia ndiyo huwaumiza samaki wengi siku wanapofika nyumbani. Ndani ya mfuko wa safari samaki anapumua na kutoa kaboni dioksidi, pH inashuka, na amonia iliyojikusanya inabaki katika umbo lisilodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka kuwa kali katika muda mfupi. Kwa samaki aliyesafiri kwa ndege saa nyingi, kumdondoshea maji mapya tone kwa tone kwa saa mbili ndani ya maji hayo ya mfuko ni kumwongezea mateso. Ni afadhali kupima mapema kiwango cha chumvi alichotoka nacho, kuandaa tangi la karantini lenye kiwango hicho, kuuelesha mfuko humo ili joto lilingane, kisha kumtoa samaki na kuyamwaga maji yake.

Umeme nao ukikatika, usingoje. Katika nyuzi joto 25, maji ya bahari yaliyojaa hewa hubeba miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi hubeba 8.2 hivi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo oksijeni inavyopungua, na samaki mwenye vimelea kwenye matamvua ndiye wa kwanza kuishiwa. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya kununuliwa kabla ya samaki wa kwanza.

Wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam wana kishawishi chao, kuchota maji ufukweni. Yakichotwa karibu na mdomo wa mto au baada ya mvua za masika, chumvi yake huwa imepungua, na maji ya mitaro huwa yameshaingia. Chumvi ya kutengenezea maji ya bahari ni ghali, lakini unajua kilichomo.

Karantini ya wiki nne hadi sita kwa kila samaki mpya, katika tangi dogo la pembeni, huzuia karibu yote niliyoyaeleza. Anayeanza aanze na wale samaki wadogo wa mistari wanaokaa kwenye anemoni, ambao watoto humwita kila mmoja wao Nemo, na achague waliozalishwa kwenye matangi. Kangaja wa samawati asubiri mpaka uwe na tangi la lita 400 au zaidi lililokwisha kukomaa. Na siku ukienda kumnunua, muulize muuzaji ameingia dukani lini, kisha umwombe amlishe mbele yako. Asipokula, mwache dukani.