Fahamu: Jina Thomson lilivyopita Ufipa

Mwaka 1880 kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipita nyanda za juu za Ufipa, ulipo leo mji wa Sumbawanga, akaliona Ziwa Rukwa na kuliita Leopold. Jina hilo lilikufa, na ilistahili: wenyeji walikuwa na lao.

Thomson ni “mwana wa Thom”, yaani Thomas, jina la asili ya Kiaramu lenye maana ya pacha. Waskoti wengi huliandika bila “p”. Kwa Waingereza Thompson ndiyo imezoeleka.

Kwetu limebaki kwa swala tomi wa Serengeti, mwenye mstari mweusi ubavuni. Kenya, mji wa Thomson's Falls sasa ni Nyahururu.