Perege wa Korogwe anahitaji klabu

Korogwe ina samaki wake. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, alichapisha maelezo ya aina mpya za perege alizozikuta katika Mto Pangani na Ziwa Jipe. Mmoja alimpa jina la Pangani, mwingine la Jipe, na mwingine la Korogwe. Tangu hapo jina la mji huo limo katika vitabu vya sayansi: Oreochromis korogwe. Mkazi wa Kabuku, Segera au Hale anaweza kuwa amekula perege maisha yake yote, wa kukaanga au wa mchuzi wa nazi, bila mtu yeyote kumwambia kwamba mji wa jirani umebebwa na samaki.

Ni habari ya kujivunia, lakini ina upande wa pili. Kwa miongo mingi mabwawa na mito ya Tanzania imepandikizwa samaki wa kutoka kwingine, hasa sato wa Naili, ambaye hukua haraka na kupendwa na wafugaji. Sato akiingia kwenye maji ya perege wenyeji hugombania nao chakula na mahali pa kutagia, na pia huzaliana nao. Watafiti wamekwisha kuona machotara wa perege wa Korogwe katika maziwa madogo ya kusini karibu na Lindi, ambako samaki huyo anapatikana pia. Perege wa Jipe naye amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Nani basi anayemtazama perege wa Pangani kila wiki, masika na kiangazi? Mtafiti huja akaondoka. Mvuvi wa kitoweo anawaza sufuria, na ni haki yake. Jibu moja linaweza kutoka mahali ambapo wengi hawapatazamii: kwa watu wanaovua kwa kujifurahisha.

Mfano wao hauko mbali. Kutoka Kabuku, barabara ya Segera inayopinda kwenda Tanga hufika baharini kwenye Mkondo wa Pemba, maji yenye kina kirefu kati ya bara na kisiwa. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, iko Shimoni, kijiji cha Kenya ambacho tangu miaka ya 1960 kimekuwa na klabu iliyojulikana kwa jina la mkondo huo, Pemba Channel Fishing Club. Wageni walikwenda huko kurambaza: boti inakwenda taratibu, mishipi inaburutwa nyuma na chambo bandia kinachezacheza juu ya mawimbi, hadi nduaro, sulisuli, jodari au nguru apande. Maji ya pwani hiyo yana aina tatu za nduaro: mweusi, wa bluu na wa milia. Msimu mzuri ni kaskazi. Kusi inapokaza, boti nyingi hutia nanga.

Mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi ya klabu ya Shimoni. Mwaka 1934, baada ya kuwinda Tanganyika, mwandishi Ernest Hemingway alikwenda Malindi kuvua samaki wakubwa. Miaka 5 baadaye ikaanzishwa New York jumuiya ya kimataifa ya wavuvi wa mchezo, IGFA, ambayo yeye alikuja kuwa makamu wa rais wake. Enzi hizo fahari ilikuwa kumning'iniza samaki gatini, kumpima uzito na kupiga naye picha. Samaki aliyekufa ndiye aliyekuwa ushahidi.

Mageuzi yaliyofuata ndiyo hasa yanayowahusu watu wa Kabuku. Klabu za pwani ya Kenya zilianza kuwarudisha nduaro na sulisuli majini wakiwa hai. Samaki akifika ubavuni mwa boti, baharia huchukua upondo mfupi na kumchoma karibu na pezi la mgongoni alama nyembamba ya plastiki yenye namba. Ndoano inatolewa, samaki anashikwa kichwa kikielekea mbele ili maji yapite kwenye mashavu mpaka apate nguvu, kisha anaachiwa. Kadi inajazwa: aina, makadirio ya uzito, tarehe, mahali. Kadi hizo huenda kwa African Billfish Foundation ya Watamu, ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imekusanya taarifa za makumi ya maelfu ya samaki.

Akivuliwa tena mwenye namba ile, hata na mvuvi wa jarife asiyejua lolote kuhusu klabu, namba ikirudishwa inaeleza samaki amesafiri umbali gani na kwa muda gani. Nduaro mmoja wa bluu aliyetiwa alama nje ya Delaware, Marekani, alikuja kunaswa karibu na Mauritius; alikuwa ametoka bahari moja akaingia nyingine. Hakuna serikali ya nchi moja ambayo ingeligundua jambo hilo peke yake. Liligunduliwa kwa sababu mtu aliyekwenda kustarehe alikubali kujaza kadi.

Boti za Shimoni ni za wenye fedha, hilo halina ubishi, na Kabuku haina bahari. Ila kadi haihitaji boti. Kando ya Pangani na kwenye malambo ya Handeni tayari kuna vijana wenye ufito, mshipi, ndoano na nyungunyungu, wanaokaa saa nyingi kumsubiri perege au kambale. Wanajua perege anapanda wakati gani wa siku na maji yakichafuka baada ya mvua nini hufuata. Ujuzi huo wanao, isipokuwa haujaandikwa popote. Klabu ingeanza na daftari, rula na simu yenye kamera.

Kazi ya kumtambua samaki nayo inafundishika. Sato wa Naili ana mistari ya wima mkiani, myembamba na mingi. Perege asiye nayo anastahili kutazamwa mara ya pili na kupigwa picha kabla ya kurudishwa. Jike wa jamii hii hulea mayai na vifaranga kinywani, na akishikwa kwa hofu huyatema. Mvuvi aonaye mayai yakitoka kinywani anajua papo hapo kwamba maji yale ni ya uzazi na mwezi ule ni wa kuacha. Tarehe kumi za namna hiyo, zilizoandikwa na watu wa Korogwe wenyewe, zingekuwa na uzito mbele ya mtafiti yeyote wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, au afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kule Moshi.

Mto wenyewe umebadilika sana tangu siku za Lowe. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, mtambo wa umeme wa Hale ukawashwa miaka hiyo hiyo, na ule mpya wa Pangani Falls ukafuata miaka ya 1990. Maji yanazuiwa, yanaachiwa, yanagawiwa mashamba. Kila badiliko linamgusa perege, na anayekaa ukingoni na ufito wake ndiye wa kwanza kuliona.

Wanaotaka kuanza wapite kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinadai leseni, na uvuvi wa mchezo umo. Wachague sehemu zilizo mbali na mamba, ambao Pangani inao. Na wakubaliane mapema nani atalitunza daftari.