Nauli ya Kutoka Chanika

Mgonjwa wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliyepangiwa kliniki Temeke hupiga hesabu kabla ya kuvaa viatu. Bodaboda ya kumtoa ndani hadi barabarani, daladala ya Gongo la Mboto, nyingine ya kuelekea mjini, kisha aunganishe tena. Au azungukie Mbande na Mbagala, aombe foleni imhurumie. Kama ni dhaifu atahitaji mtu wa kumsindikiza, na hapo nauli inakuwa mara mbili. Dawa zenyewe huenda akazipata bure. Ndiyo maana mhudumu mzoefu, akimkosa mgonjwa kliniki miezi miwili mfululizo, hakimbilii kusema amekata tamaa. Anauliza kwanza habari ya nauli.

Hospitali ya CCBRT, Msasani, ililiona jambo hili kwa wanawake wenye fistula. Shirika hilo lilianza mwaka 1994, na miongoni mwa waliolishika mkono ni CBM, shirika la Kikristo lenye asili ya Ujerumani linalohudumia watu wenye ulemavu. Upasuaji ulikuwa bila malipo, lakini wanawake wengi wa mikoani hawakuweza kufika. Mwaka 2009 CCBRT ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Wagonjwa wengi hawakuwa na simu, kwa hiyo fedha ilipokelewa na “balozi”, mtu wa huko huko waliko, ambaye alimkatia mgonjwa tiketi na kuhakikisha amepanda basi. Mgonjwa alipofika hospitali, balozi naye alitumiwa kifuta jasho chake. Kufika kwanza, malipo baadaye: utaratibu mdogo, lakini ulifunga mianya mingi ya fedha kuishia njiani.

Tiketi ya basi haipendezi kwenye picha. Mtu akitaka kulisaidia shirika la dini, mawazo yake huenda kwenye unga, mchele, sabuni na magodoro, vitu vinavyoweza kupangwa mbele ya bango na wageni wakasimama nyuma yake. Vitu hivyo vinahitajika, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba huja kwa mkupuo wakati wa Krismasi na Ramadhani, ilhali zamu ya usiku ya mlezi kwenye makao ya watoto ipo mwaka mzima, na umeme wa LUKU hauna sikukuu.

Mfano wa karibu wa shirika la dini lenye kazi ya mwaka mzima ni PASADA, iliyoko Chang'ombe, Temeke. Ni chombo cha Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1992 kutokana na kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walioliendea Kanisa kutafuta msaada. Wakati ule ARV za kugawa hazikuwepo. Kilichowezekana ni kuuguza, kusikiliza na kuzika kwa heshima. Baadaye zikaja huduma za kupima, dawa, matibabu ya kifua kikuu, tiba shufaa na malezi ya yatima. Huduma hutolewa bila kujali dini ya mtu. Anayetoa sadaka ya kuiwezesha kazi hiyo na anayehudumiwa wanaweza kuwa wanasali upande tofauti kabisa wa mtaa.

Ukanda huu umeyaona mambo haya zamani. Pugu, jirani na Chanika, Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni mwaka 1888, wakawa wanalea humo watoto waliokombolewa utumwani. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilishambuliwa na wamisionari watatu wakauawa. Siku hizi wengi wanaposikia Pugu hufikiria mnada wa ng'ombe.

Baada ya uhuru, shule nyingi za misheni zilitwaliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Hospitali nyingi za makanisa zilibaki kwa wenyewe, na pale wilaya ilipokosa hospitali yake, ya kanisa ikateuliwa kuwa hospitali teule: serikali inachangia mishahara na ruzuku, kanisa linaendesha. Mwaka 1992 maelewano hayo yaliwekwa kwenye maandishi, na mwaka huo huo Wakatoliki, kupitia Baraza la Maaskofu, na makanisa ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania wakaunda tume yao ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC.

Kwa hiyo watu hudhani shirika la dini lenye mkataba na serikali na mfadhili wa nje limekwisha kushiba. Fedha ya mfadhili, hata hivyo, huja na masharti yake: hii ya dawa, hii ya semina, hii ya vipimo. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, ikiwagusa wanaotegemea PEPFAR, mpango wa UKIMWI ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003. Matibabu ya kuokoa maisha yaliruhusiwa kuendelea baada ya muda mfupi, lakini kazi nyingi za kinga ziliachwa nje ya ruhusa hiyo.

Hapo ndipo mchango wa nyumbani unapopata uzito, hasa ule mdogo unaorudi kila mwezi. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki hukutana majumbani, mara nyingi Jumamosi alfajiri. Viti vya plastiki uani, mkeka, kikapu kikizunguka na noti zilizokunjwa zikaonekana ndogo kuliko zilivyo. Mhazini na kauntabuku magotini, ameichora safu ya wagonjwa kwa rula. Kaya 20 zikitoa shilingi 2,000 kila moja, ni 40,000 kwa mwezi. Parokia yenye jumuiya 30 za namna hiyo ina 1,200,000. Kwa fedha inayojulikana itakuja, shirika linaweza kumwajiri mtu. Milioni ya Desemba peke yake haiajiri mtu.

Waislamu wana hoja ya zamani zaidi kuhusu gharama za uendeshaji, ambazo watoaji wengi huziona kama fedha iliyoliwa. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na baada ya mafakiri na masikini tu inawataja wanaoitumikia, yaani wakusanyaji na wagawaji. Mshahara wa karani una fungu lake. Ila zaka ya mali, ile asilimia 2.5, imefungwa ndani ya mafungu hayo. Anayetaka fedha yake ijenge kisima au ilipie umeme wa zahanati hutoa sadaka ya kawaida au huweka wakfu, na ni vyema aseme wazi anatoa ipi.

Upande wa sheria, kuna mambo machache ya kuuliza bila aibu. Shirika limesajiliwa wapi: kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, kwa Msajili wa Jumuiya, au wadhamini wake wamesajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA)? Makao ya watoto ni lazima yawe na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mfanyabiashara naye ajue kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu kutoa kwenye hesabu za kodi mchango kwa taasisi ya hisani, usiozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kusajiliwa peke yake hakutoshi. Mamlaka ya Mapato (TRA) lazima iwe imeitambua taasisi hiyo kuwa ya hisani, kwa hiyo aombe kuiona barua yenyewe kabla ya kuandika hundi.