Kutoka Benki Hadi Ukocha wa Ustawi: Hesabu Kabla ya Barua

Anayetaka kuacha kazi ya benki Nairobi awe kocha wa ustawi huanza kwa kuulizia bei ya kozi. Kozi si tatizo. Gharama kubwa imejificha kwenye mkopo wake wa nyumba.

Wafanyakazi wa benki hukopeshwa kwa riba nafuu, na kwa kawaida nafuu hiyo hukoma ajira inapokoma. Chukua mkopo wa shilingi milioni 4 uliobakisha miaka 15. Kwa riba ya asilimia 6, unalipa kama 33,750 kwa mwezi. Ikipanda hadi asilimia 14, unalipa karibu 53,270. Tofauti ni zaidi ya 19,000 kila mwezi, na bado hujapata mteja hata mmoja. Toa mkataba usome kifungu cha kuacha kazi leo hii. Kisha uliza benki nyingine au sako yako kama itauchukua mkopo huo, na uulize ukiwa bado na hati ya mshahara mkononi. Ukishaondoka, lango hilo hufunguka kwa shida.

Bima ya matibabu ya kazini nayo hukatika. Kwa SHIF, bima ya afya ya jamii, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi bila kuhisi sana. Aliyejiajiri hukadiriwa kipato, halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukinunua bima binafsi juu yake, angalia muda wa kungoja, hasa kwa uzazi na maradhi uliyo nayo tayari. Inunue kabla hujatoka.

Sasa kozi. Cheti cha kwanza cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kinadai saa 60 za mafunzo, saa 100 za kazi na wateja na saa 10 chini ya kocha mzoefu. Matangazo hutaja ada ya mafunzo tu. Uliza kama saa hizo 10 zimo ndani, maana mara nyingi hulipiwa kando, kisha kuna ada ya maombi. Ada za ICF ni kwa dola, kwa hiyo ongeza makato ya kadi. Cheti hicho huhuishwa kila baada ya miaka 3, kwa pesa tena. Cha NBHWC, bodi ya makocha wa afya ya Marekani, kina mtihani wake na kinadai vikao 50 na wateja. Kama hutafuti wateja wa huko, kiache.

Stashahada ya lishe huchukua muda mrefu zaidi, lakini kama nia yako ni kupangia watu chakula cha kisukari au presha, hakuna njia ya mkato. Wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi yao, KNDI, kwa sheria ya 2007, na cheti cha ukocha hakikupi ruhusa hiyo.

Ningechagua saa 60 za jioni na wikendi, huku mshahara ukiingia.

Ofisi? Usipange. Chumba cha kukodi kwa saa kinatosha, ila uliza kama saa uliyoagiza hulipiwa mteja asipotokea. Kutembea na mteja msitu wa Karura ni rahisi zaidi, ingawa kiingilio ni cha watu wawili na mvua ya Aprili haina mkataba na mtu. Kwa simu ni bei ya bando tu.

Mteja binafsi hulipa papo hapo lakini huchoka haraka. Kampuni hulipa vizuri na kwa kuchelewa, na malipo yakifika 24,000 kwa mwezi hukata asilimia 5 kupeleka KRA, mamlaka ya mapato. Dai cheti cha makato hayo, ukitumie kupunguza kodi yako ya mwaka. Na ukiwauzia kampuni, uza unachokijua: mfanyakazi asiyelala kwa sababu ya madeni. Kwa somo hilo, miaka yako ya benki ina thamani kuliko cheti chochote, na haikugharimu senti zaidi.

Mwisho, tarehe. Benki hufunga hesabu Desemba na bonasi hufuata miezi kadhaa baadaye. Katika nyingi, aliyekwisha kutoa notisi haipati. Ngoja iingie kwenye akaunti, ndipo upeleke barua.