Kagere: Mabao ya nchi nne, maswali ya vijana wa mpakani

Anayetaka kuanzisha ubishi Busia, upande wowote wa mpaka, na aulize Meddie Kagere ni wa nani. Waganda watasema ni wao, kwa kuwa alizaliwa Uganda mwaka 1986 na soka ya watu wazima akaianzia Mbale Heroes, timu ya mji ulio chini ya kilomita 50 kutoka Tororo. Shabiki wa Gor Mahia atamkumbusha kila mtu kwamba jina lake lilikomazwa Nairobi. Dereva wa lori kutoka Kigali, akisubiri karatasi zake za forodha, atataja jezi ya Amavubi. Na akitokea mtu wa Simba ya Dar es Salaam, atafunika jicho moja kwa kiganja, kama Kagere alivyozoea kushangilia, na kwake mjadala utakuwa umekwisha.

Wote wana hoja. Ni wachache mno wachezaji waliofunga mabao ya kukumbukwa katika nchi nne za ukanda huu. Na katika kila nchi aliyokanyaga, isipokuwa ile aliyozaliwa, Kagere alilazimika kwanza kujibu swali ambalo wakazi wa Busia hulijibu kila siku: wewe ni wa upande gani?

Kuhusu Uganda hakuna mengi ya kusimulia. Miaka ya katikati ya 2000 ligi ya huko ilikuwa na mishahara midogo, na mshambuliaji kijana wa Mbale alikuwa na njia mbili. Angeweza kwenda Kampala, ambako klabu kubwa zilikuwa na washambuliaji tele, au kuvuka mpaka. Kagere alivuka, ila hakupitia Busia wala Malaba. Alikwenda upande wa pili kabisa, Rwanda, akachezea klabu kadhaa zikiwemo Mukura Victory, Police na Rayon Sports. Huko ndiko mabao yalikoanza kuwa mengi, na huko ndiko alikopata uraia na kuanza kuchezea timu ya taifa mwaka 2011.

Katikati ya safari hiyo alijaribu bahati mbali zaidi: Espérance ya Zarzis nchini Tunisia, kisha KF Tirana ya Albania mwaka 2014. Haikuwa Ulaya ya kwenye runinga, na hakukaa. Wapo wanaoihesabu Albania kuwa kushindwa kwake. Hesabu hiyo si ya haki. Mwanasoka wa Afrika Mashariki anayerudi kutoka Ulaya huonekana kama aliyefukuzwa, hata pale ambapo nyumbani kuna kazi nzuri zaidi inayomngoja.

Kwake kazi hiyo ilikuwa Gor Mahia. Alifika Nairobi katikati ya msimu wa 2015 na kuikuta timu iliyokuwa haifungiki. K'Ogalo walitwaa ubingwa mwaka ule bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Michael Olunga alikuwa bado hajaondoka kwenda Ulaya, kiungo Khalid Aucho kutoka Uganda alikuwa akikata mipira katikati, na mbele Kagere akaongeza mabavu ambayo mabeki wa Kenya hawakuwa wameyazoea. Hakuwa mchezaji wa chenga. Alikuwa mtu wa kusukumana na beki kwa bega, kugeuka mara moja na kupiga. Baadaye alifika Mnyarwanda mwenzake, Jacques Tuyisenge, na wawili hao wakawa jinamizi la mabeki.

Tororo ilifuatilia habari hizi kwa hamu, na sababu iko wazi kwa anayejua watu wa huko. Wajopadhola wa Tororo ni ndugu wa Wajaluo wa Kenya kwa asili na kwa lugha. Mtu wa Tororo na mtu wa Kisumu wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake, wanaelewana. Kwa hiyo klabu iliyoanzishwa mwaka 1968 na kupewa jina la shujaa wa Kijaluo haikuhitaji kujitambulisha upande wa Uganda. Mpaka ndio mgeni hapa. Hadi mwaka 1902 eneo lote kuanzia hapo hadi Kisumu lilihesabiwa kuwa la Uganda, kisha Waingereza wakaupeleka mkoa huo wa mashariki chini ya utawala wa upande wa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa, shangazi huku na mpwa kule.

Wakati Kagere anang'ara Nairobi, upande wa Kigali mlango ulikuwa umefungwa. Agosti 2014 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliiondoa Rwanda katika mbio za kufuzu Kombe la Mataifa ya 2015. Kisa kilikuwa mshambuliaji aliyejulikana Rwanda kama Daddy Birori na Kongo kama Etekiama Agiti Tady, mtu mmoja mwenye majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa. Rwanda ilikuwa imeitoa Kongo Brazzaville uwanjani, ikatolewa mezani. Baada ya aibu hiyo wakuu wa soka wa Rwanda waliamua kuachana na wachezaji waliopata uraia kwa kuandikishwa. Kagere hakuwa na hatia yoyote katika kisa cha Birori. Hata hivyo fagio lilimpitia naye.

Basi kwa takriban miaka minne alikuwa mtu wa ajabu katika soka ya ukanda huu. Kenya alisajiliwa kama Mnyarwanda, akichukua moja ya nafasi za wachezaji wa kigeni. Rwanda hakuitwa, kwa sababu ya asili yake ya Uganda. Uganda hakuweza kuichezea, kwa sababu alikwisha kuichezea Rwanda. Mwaka 2016 Rwanda iliandaa mashindano ya CHAN na kufika robo fainali, akaitazama kutoka mbali. Na hata kama Kigali ingemsamehe mapema, bado asingecheza, kwa kuwa CHAN ni ya wanaocheza ligi ya nchi yao wenyewe. Aliyevuka mpaka kutafuta riziki hahesabiwi.

Nafasi ya kuvaa tena jezi ya taifa ilikuja Septemba 2018 mjini Kigali, Amavubi wakicheza na Ivory Coast. Rwanda ilifungwa 2-1. Bao la Rwanda alifunga Kagere.

Wakati huo alikwisha kuhama tena, na uhamisho huo una kichekesho chake. Juni 2018, katika uwanja wa Afraha mjini Nakuru, Gor Mahia iliichapa Simba 2-0 katika fainali ya SportPesa Super Cup. Wafungaji walikuwa Kagere na Tuyisenge. Zawadi ya bingwa ilikuwa safari ya Uingereza kucheza na Everton, na Gor ilikwenda Goodison Park Novemba mwaka huo ikafungwa 4-0. Kagere hakuwemo. Simba, baada ya kuadhibiwa naye Nakuru, iliona ni heri kumnunua kuliko kukutana naye tena. Kwa hiyo mtu aliyeisaidia Gor kukata tiketi ya Liverpool alikuwa Dar es Salaam siku wenzake walipoitumia. Angalau Everton hakuwakosa kabisa: Julai 2017 walipokuja Dar es Salaam alicheza dhidi yao katika mechi ambayo Wayne Rooney alifunga, Tuyisenge akasawazisha na Waingereza wakashinda 2-1.

Alipotua Msimbazi alikuwa na miaka 31, na mashabiki wa Yanga hawakuliacha hilo lipite. Mzee, babu, kila jina. Majibu yake yako kwenye kumbukumbu za ligi. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora wa Tanzania Bara. Msimu uliofuata akafunga 22 na kubaki mfungaji bora. Simba ilichukua ubingwa misimu yote miwili, na kuutwaa tena mwaka 2021.

Lakini mabao ya ligi si ndiyo yaliyofanya watu wa Busia waliokuwa Gor damu waanze kuifuatilia Simba. Ni Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2018/19. Januari 2019 Simba iliifunga JS Saoura ya Algeria 3-0, moja la Emmanuel Okwi kutoka Uganda na mawili ya Kagere. Kisha zikaja mechi mbili za ugenini za kusahaulika, Simba ikipigwa 5-0 Kongo na AS Vita na 5-0 nyingine Misri na Al Ahly. Wengi waliifuta. Februari 12 Al Ahly wakaja Dar es Salaam kwa marudiano, klabu yenye vikombe vingi kuliko yoyote barani. Mechi ikaenda sare hadi kipindi cha pili, Kagere akafunga, na bao hilo moja likatosha. Simba ilimaliza ya pili katika kundi, ikafika robo fainali na kutolewa na TP Mazembe.

Hebu tazama kikosi kile. Mfungaji alizaliwa Uganda na ana uraia wa Rwanda. Pembeni yake Mganda. Nahodha ni Mtanzania, John Bocco, na Clatous Chama anatoka Zambia. Baadaye Simba ikarudi tena Gor kumchukua Francis Kahata, na mwaka 2020 beki Joash Onyango. Klabu za ukanda huu zilikwisha kuwa na soko la pamoja, la kweli, kabla wanasiasa hawajakubaliana nani alipe ushuru gani. Mwaka 2022 Kagere aliondoka Simba kwenda Singida Big Stars, na baadaye akaonekana Namungo ya Ruangwa, akiendelea kucheza akiwa na umri ambao wenzake wengi wamekuwa makocha.

Sasa turudi mpakani, maana hapo ndipo hadithi hii inapowagusa watu ambao hawajafunga bao lolote la kimataifa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na inataja wazi uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na mfanyabiashara wa nyanya au samaki anaweza kugongewa pande zote mbili katika jengo moja. Mwanasoka, hata hivyo, hana jengo lake. Katika macho ya FIFA, Busia ya Uganda na Busia ya Kenya ziko mbali kama Tirana na Kigali. Kuhama kutoka timu ya Tororo kwenda timu ya Bungoma kunahitaji cheti cha uhamisho wa kimataifa kati ya mashirikisho mawili. Akishafika, anaandikwa mgeni.

Wanaotetea kikomo cha wageni wana hoja ya kusikilizwa. Bila kikomo, wanasema, klabu tajiri zitajaza vikosi kwa watu wa nje na vijana wa nyumbani watakaa benchi, kisha timu ya taifa italia. Ni kweli kwa mshambuliaji hasa, kwa kuwa nafasi ile ndiyo klabu hununua kwanza. Lakini kumweka Mganda wa Tororo katika hesabu moja na Mbrazili anayecheza Dar es Salaam, kwa klabu za nchi zinazosema ni jumuiya moja, ni jambo lisiloelezeka kirahisi kwa kijana anayevuka mpaka kila asubuhi kwenda shule.

Na kuna kanuni moja ambayo inastahili kusomwa kwa sauti katika kila uwanja wa shule kutoka Sofia hadi Tororo. FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Miongoni mwa misamaha michache iliyopo, upo mmoja ambao ni kama uliandikwa kwa ajili ya eneo hili. Kijana anayeishi umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya upande wa pili iliyo pia ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo. Umbali kati ya nyumbani kwake na klabu usizidi kilomita 100, aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yatoe idhini.

Tororo imo ndani ya duara hilo. Busia zote mbili zimo, na Bungoma pia imo. Kisumu iko nje. Kanuni hii ilitungwa kwa miji ya Ulaya inayotazamana mtoni, lakini haikatazi mtu yeyote wa huku kuitumia. Inachohitaji ni klabu ya upande mmoja kuwa na karatasi zilizonyooka, mzazi mwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina moja na tarehe moja (kisa cha Birori kinatosha kuwa funzo), na mashirikisho ya Kampala na Nairobi kujibu barua.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa kwa pamoja. Mabasi ya mashabiki kati ya Kampala na Nairobi yatapita Busia na Malaba. Kijana wa miaka 15 anayefunga mabao Tororo leo huenda bado atakuwa chini ya kikomo cha FIFA wakati huo, na klabu ya karibu yenye kocha wa kumfaa inaweza kuwa ng'ambo. Kama atasajiliwa huko au la, hilo litategemea barua hizo mbili.