Mashine inanyamaza, basi mfuko ni salama?

Wandugu wachimbaji, hapa Mulekera mnunuzi mmoja alipitisha mashine ya Geiger juu ya mifuko ya koltani, akasema: «Hakuna kitu.» Nikamuuliza: na mashine yenyewe, nani aliipima? Akacheka tu.

Koltani inaweza kubeba urani na toriamu. Mashine inapimwa hivi: kwanza inahesabu pasipo mfuko, maana hata udongo wa kawaida unatoa mionzi kidogo. Halafu inawekwa mbele ya chanzo chenye nguvu inayojulikana. Kwa miale 100 ya gama inayopita ndani ya mrija wake, inashika kama 1 tu. Si ubovu, mradi hesabu hiyo ijulikane. Lakini mionzi ikizidi sana, mrija unajaa, mashine inanyamaza.

Mama na watoto wanalala karibu na mifuko hiyo. Muombe karatasi ya vipimo, muangalie na tarehe.