Fidla Yenye Matundu ya Risasi

Katika filamu ya Some Like It Hot, aliyoiongoza Billy Wilder mwaka 1959, kuna fidla kubwa ya besi yenye matundu ya risasi. Wanamuziki wawili wa Chicago wameshuhudia majambazi wakimiminiwa risasi Siku ya Valentine, 1929. Wanatorokea Florida wakijifanya wanawake. Nguo wamebadilisha, majina pia. Fidla ni ile ile, na muuaji anapoyaona matundu anawatambua.

Filamu nyingi kuhusu enzi hiyo, Marekani ilipoharamisha pombe kuanzia 1920 hadi 1933, humweka mpiga jazi nyuma ya meza ya mwenye bunduki. Anaona yote, haulizwi lolote. Jambo hilo lilinikera mpaka nikamtafuta mzee mmoja anayepiga obokano, kinubi cha Abagusii, katika vilima vya Nyamira, Kenya. Mzee huyu, aliyeomba nisimtaje jina, aliwatumbuiza wanywaji miaka ambayo chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa haramu nchini, tangu 1980 hadi sheria ya 2010 ilipoiruhusu kwa leseni.

Obokano ina nyuzi 8 na bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Uzi mnene ukiguswa, mvumo unaupata kifuani kabla ya sikioni. Hapo ndipo palikuwa na balaa, asema mzee. Mtungi wa chang'aa ulifichika migombani, lakini mvumo ulivuka bonde, na askari wa chifu alijua kuwa obokano ikilia usiku usio na harusi, mama pima, muuza chang'aa, yuko kazini. Basi aliambiwa aziguse nyuzi nyembamba tu, kiganja kikiilalia ngozi ili kuizima sauti. Alinionyesha mahali penyewe. Ngozi imelainika na kung'aa, upana wa kiganja chake.

Mlangoni mwa mama pima waliingia pia vijana wa Sungusungu, kundi la kujichukulia sheria mkononi lililopigwa marufuku 2010. Kukatiza wimbo kungekuwa kukiri kwamba umemtambua mtu, kwa hiyo aliendelea kupiga, akaingiza sifa za ukoo wa mgeni. Je, alilipwa kwa sifa hizo, au alizitoa kuinunua roho yake? Na watu waliochukuliwa na vijana hao pale usiku, walirudi? Nilipouliza, alianza kukaza uzi.

Wenye kamera na vinasa sauti Kisii na Nyamira, waendeeni wazee hawa wangali hai. Waulizeni walichokiona, na wakikataa kutaja majina, wakubalieni.